Lu Xun alichora jalada, alibuni au alisanifu?

Msomaji anatafsiri makala ya historia ya grafiki dizaini ya China, anauliza: Lu Xun, yule mwandishi wa hadithi wa China, "alichora" majalada ya vitabu, "alibuni" au "alisanifu"? Yeye kaandika "alichora" kote, mhariri kamfutia kote.

Ndugu, mhariri ana haki, ila sio kote. Kuchora ni mkono na brashi. Chukua zile kalenda za matangazo za Shanghai, miaka ya 1920 na 1930, zenye wadada waliovaa qipao (gauni la Kichina la kubana) wanauza sigara: Zheng Mantuo pale alichora hasa, anasugua unga wa mkaa kwenye uso wa mdada mpaka ngozi inakuwa laini halafu anapitisha rangi za maji juu yake, hapo usimruhusu mtu akufutie. Kupanga tarehe na jina la kampuni vikae wapi ndo kazi nyingine.

Sasa angalia jalada maarufu la Nahan, kitabu cha hadithi cha Lu Xun kilichotoka 1923. Picha hakuna! Ni nyekundu iliyoiva jalada zima, na kiboksi cheusi chenye jina la kitabu na la mwandishi, basi. Ukisema "alilichora" msomaji atatafuta mchoro asiuone. Andika "alilisanifu", maana kusanifu ni kupanga vitu vikae vinavyotakiwa, rangi, herufi, hata nafasi tupu. "Kubuni" mimi naiweka pale wazo lenyewe ndo jipya, kwa mfano nembo ya Chuo Kikuu cha Peking ya 1917, ambapo Lu Xun alizigeuza herufi mbili za jina la chuo zikawa kama watu wamesimama. Huo ni ubunifu, sibishani.

Angalizo la jina la kazi: ukiandika "msanifu" peke yake watu wengi wanawaza majengo, so weka "msanifu wa majalada", au "dizaina" kama gazeti lako linaruhusu, mi sioni tatizo.

Na ukifika 1931, lile darasa la Shanghai ambalo mwalimu Mjapani alifundisha vijana kuchonga mbao za kuchapia picha na Lu Xun ndo alikuwa mkalimani, kitenzi ni "kuchonga", lakini zile kazi usiziite "michongo", wasomaji wa Dar watadhani vijana walikuwa wanasaka madili. Ziite chapa za mbao.