Fundi Anajibu: Windows Imepigwa Mara Tatu, Mashine Bado Nzito

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina HP ProBook 450 G3, niliinunua ikiwa imeshatumika. Mwaka huu imepigwa Windows mara tatu. Ikitoka kwa fundi inakimbia, baada ya wiki chache inaanza tena: kuwaka ni dakika kumi, Excel inaganda, juzi imeleta skrini ya bluu. Fundi anasema ni virusi, niirudishe apige tena. Matokeo ya wanafunzi yote yamo humo. – Mwalimu, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiirudishe. Windows mpya mara tatu na ugonjwa ni uleule, basi ugonjwa hauko kwenye Windows. Mimi nashuku diski, yaani pale mafaili na Windows yenyewe vinapohifadhiwa. Virusi ni jibu la fundi ambaye hataki kushika bisibisi.

Sikiliza kwanza. Zima redio, sogeza sikio pale unapolaza kiganja ukiwa unachapa. Diski yenye afya huvuma taratibu. Inayokufa hugonga: tik, kimya, tik tena. Kisha weka CrystalDiskInfo, ni programu ya bure inayopima afya ya diski. Rangi ya bluu ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni msiba. Tazama mstari wa 05 na wa C5. Wa 05 unahesabu sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama, na C5 ni zile ilizoshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. C5 ikiwa si sifuri, mashine hiyo usiifanyie kazi nyingine zaidi ya kuokoa mafaili.

Na hapo ndipo watu wanapoharibu. Mtu anaona onyo, anakimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, ili "itengeneze". Inailazimisha diski mgonjwa isome kila kona, wakati pumzi iliyobaki ulipaswa kuitumia kutoa matokeo ya wanafunzi. Nakili hayo kwanza, halafu picha, halafu mengine. Usinakili diski nzima kwa mkupuo. Windows ikigoma kuwaka, diski ichomolewe, iingizwe kwenye kasha la USB, isomwe kwa kompyuta nyingine.

Kama CrystalDiskInfo inaonyesha bluu na hakuna mlio, geukia RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, mashine itajizima, iwake na kujipima yenyewe.

Diski ikithibitika ni mbovu, nunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, yenye kiunganishi cha SATA na ukubwa wa inchi 2.5. Inakaa palepale ilipokuwa ya zamani, na kwa mashine ya umri huo utadhani umenunua nyingine. Kabla ya kufungua, chomoa chaji na utoe betri.

Sasa, upige nini? Yako kwa kawaida ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Ukikuta i5-6200U, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Windows 11 inataka kuanzia cha nane, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mafundi wanaoipenyeza 11 kwa mlango wa nyuma. Inawaka, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kwa kazi ya alama na mitihani mimi ningekuwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows: inapigwa kwa flashi, haidai leseni, na LibreOffice, programu yake ya kazi za ofisi, inafungua mafaili yako ya Excel. Ila jaribu printa ya shule ukiwa bado unaiendesha kutoka kwenye flashi, kabla hujaiweka moja kwa moja. Kwa HP gonga Esc mara inapowaka, kisha F9, uchague flashi.

SWALI: Taa ya chaji inawaka, feni inazunguka, lakini skrini nyeusi tupu. Nipige Windows? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, bwana, huko Windows haijafikiwa. Mulika skrini kwa tochi ya simu: ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya skrini ndiyo imekufa. Huoni kitu? Unganisha televisheni kwa waya wa HDMI. Nako kukiwa kweusi, zima, chomoa chaji na betri, toa RAM, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ilie "tak". Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Ikishindikana hapo, mpelekee fundi mwenye mita ya kupimia umeme kwenye vifaa.