Kabla hamjaanzisha kikundi cha kusuka, sikieni yaliyotukuta

Mama yangu alipofariki, nilikaa karibu miezi mitatu bila usingizi wa maana. Watu walikuja, wakanipa pole, wakaniambia nijikaze. Aliyenisaidia ni bibi mmoja, jirani yetu hapa Kihesa, Iringa. Alinipa milulu. "Nishikie hii, mwanangu," akasema, akaendelea kusuka.

Milulu ni zile nyasi ndefu za mabondeni ambazo mama zetu wa Kihehe husukia vikapu. Hukatwa ingali mibichi, huanikwa juani mpaka ipauke, na siku ya kusuka hulowanishwa kidogo isikatike. Mkiifuata bondeni, ombeni ruhusa kwa mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, na mkate tu, msing'oe.

Sasa tuko tisa, kila Alhamisi jioni. Kina mama wengi huniuliza waanzeje kwao.

Msiulizane shida. Mgeni wetu wa kwanza tulimkalisha katikati tukamwambia, "Haya dada, tueleze." Hakurudi. Mpeni kazi mkononi. Kitako cha kikapu ndicho kigumu, kwa hiyo mzoefu amwanzie, yeye apokee kwenye ubavu, ambako mkono unarudia kitu kilekile. Macho yakiwa kwenye milulu na hakuna anayemkodolea, mtu hufunguka mwenyewe, pengine wiki ya tano. Mimi usingizi ulinirudia kwa kule kurudiarudia.

Jambo la pili ni pesa, na hapa ndipo tulipoumia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, vikapu vinatafutwa. Duka moja likatuagiza vikapu 40 kwa mwezi, tukakubali kwa furaha. Mwezi mzima hakuna aliyemwuliza mwenzake amelalaje, ila "umefikisha vingapi?" Mmoja alikuwa anauguza mtoto, tukamnunia kwa kuchelewesha vikapu vyake vinne. Bado naona uchungu nikikumbuka. Siku hizi anayetaka kuuza anasuka kwake, Alhamisi hatuhesabu. Wala msichanganye na vikoba. Mwenye deni la marejesho atajificha siku ileile anayowahitaji zaidi.

Kusuka hakuchukui nafasi ya daktari. Mwenzetu mmoja alifikia hatua ya kutokula na kusema afadhali asingekuwepo. Hatukungoja Alhamisi nyingine, tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo wawili wetu, na mwingine akabaki na watoto wake. Leo anatibiwa, na kikapu chake anakiendeleza.

Juni na Julai baridi ikikaza tunahamia jikoni, jiko la mkaa katikati na mlango wazi, hewa ipite. Chai kila mtu kwa zamu yake.

Na kikapu cha kwanza cha mtu kisifumuliwe, hata kiwe kimepinda vipi. Changu kimelalia upande mmoja. Nilitaka kukifumua, Bibi akaninyang'anya, akakitia vitunguu na kukitundika jikoni kwangu. Mpaka leo kipo palepale.