Ofa tatu mkononi: kabla hujajibu, nenda kanywe chai getini

Mdogo wangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Digrii ya uhasibu, miaka miwili mtaani, halafu ndani ya wiki moja zinakuja kazi tatu: halmashauri kule Nzega kwa 800,000 kwa mwezi, kampuni ya usafirishaji Dar, ofisi yao Vingunguti, kwa 1,500,000, na mradi wa shirika fulani Kasulu kwa 1,300,000, mkataba wa mwaka mmoja. Ijumaa unatakiwa uwe umejibu. Wakuu wengi waliokujibu hapo juu kwenye uzi huu wamekuambia ufuate hela, serikalini utazeekea kwenye mafaili. Mimi mwaka 2019 nilifuata hela, kwa hiyo ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa na barua ya halmashauri moja huko Katavi, na ofa ya kampuni moja ya Dar inayouza vifaa vya ujenzi. Barua ya kampuni ilisema "mshahara 1,400,000", basi. Niliwaandikia Katavi siku hiyo hiyo kwamba siji. Siku ya kusaini mkataba ndipo nikaona mshahara wa msingi ni 500,000, na zile laki tisa zilizobaki ni "posho mbalimbali kwa hiari ya mwajiri". Nikasaini. Ningefanya nini, na Katavi nimeshakataa?

Miezi mitatu ya kwanza hela iliingia vizuri. Mwezi wa nne ikaingia tarehe 11, wa tano tarehe 19. Mwezi wa saba nikaenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kuomba taarifa ya michango yangu. Nilikuwa nimekatwa kila mwezi, kwenye hati ya mshahara inaonekana kabisa, lakini iliyofika kule ni ya miezi miwili tu. Nilipouliza ofisini nikajibiwa "tunalishughulikia". Mwezi wa nane nikaaga.

Sasa sikiliza hili. Siku ya mwisho nilipita kwa mama ntilie wa getini kumlipa deni lake la chai na chapati. Akafungua daftari, akanionyesha majina ya watu wa kampuni yetu na siku walizoahidi kumlipa: "mwisho wa mwezi" imefutwa, imeandikwa "tarehe 10", imefutwa tena. Upande wa pili wa daftari kuna wafanyakazi wa godauni la jirani, wote wamelipa kwa wakati. Nikamuuliza hali hii imeanza lini. Akasema, "Mwaka wa pili huu mwanangu. Wewe hukuniuliza." Mwanamke yule alikuwa na hesabu za kampuni kuliko mimi niliyekaa idara ya uhasibu.

Turudi kwako. Umelinganisha namba za kwenye barua, na hapo ndipo unapojidanganya. Nichukulie hiyo 1,500,000 yote ni mshahara wa msingi, na kwamba una deni la Bodi ya Mikopo, ule mkopo wa chuo, kama wengi wetu. NSSF asilimia 10, inaondoka 150,000. Kodi inapigwa kwenye 1,350,000 iliyobaki, nayo ni 233,000. Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. Benki inaingia 892,000. Nzega: PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 40,000 (mwajiri ndiye anabeba 15), bima ya afya asilimia 3 ni 24,000, kodi 68,000, Bodi 120,000. Inaingia 548,000. Ile tofauti ya laki saba imeshuka mpaka 344,000, na bado hujapanga chumba. Dar mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kama utapata chumba Chanika na ofisi iko Vingunguti, kila siku una nauli na masaa yako njiani. Sisemi Nzega ni peponi. Nasema fanya hesabu hiyo kwa kalamu, usifanye kwa hamu.

Suala la mshahara wa msingi usilipuuze hata kidogo. Ukiachishwa kazi baada ya kutimiza mwaka, kiinua mgongo cha kisheria ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilisha, posho haihesabiwi. Na ukiwa na chini ya miezi sita kazini, ule ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukuhusu. Kwa hiyo waombe kampuni wakutumie mkataba wenyewe uusome kabla ya Ijumaa. Wakikwambia "njoo tu, utasaini ukifika", umeshapata jibu lako.

Kasulu sina maneno mengi. Kazi za miradi zinafundisha haraka, utaandika ripoti na kukaguliwa mpaka ukome, na ukitoka hapo wasifu wako unasomeka. Lakini mkataba wa mwaka ni mwaka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, watu walikuwa kazini Ijumaa na Jumatatu wako nyumbani. Waulize fedha za mradi zinatoka kwa nani na zinaisha lini. Mtu wa rasilimali watu mwenye mradi salama hujibu swali hilo bila kumung'unya.

Nzega nayo ina yake. Kuna mwaka mmoja wa majaribio kabla hujathibitishwa kazini. Ukiingia ukiwa na wazo la "nitahama baadaye", ujue uhamisho unaweza kukuchukua miaka, na wengi wanaishia kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Halafu kuna mikopo. Mtumishi wa umma akithibitishwa tu, mabenki yanamkimbilia. Nina rafiki aliyekopa mwezi ule ule aliothibitishwa, akanunua gari, mpaka leo anaishi kwa mabaki ya mshahara. Umesema una mama Korogwe anayekutegemea na mchumba mnayetaka kufunga ndoa mwakani. Kwa hali hiyo mimi ningeegemea Nzega, hela ndogo inayofika tarehe inayojulikana. Ungekuwa huna mzigo ningekwambia Kasulu bila kusita. Dar ningeiweka ya mwisho mpaka nione mkataba.

Ila usitegemee maneno yangu tu, sijaiona hiyo kampuni. Na barua ya Nzega ina tarehe ya mwisho ya kuripoti, kwa hiyo usiikatae wala usiiache ipite kwa ahadi ya mtu mwingine kabla hujauona mkataba wake, kama nilivyofanya mimi. Leo ni Jumanne. Kesho asubuhi panda daladala mpaka Vingunguti, tafuta anayeuza chai karibu na geti lao, kaa na madereva. Usiulize "kampuni ni nzuri?", watakusifia tu. Uliza mwezi uliopita waliingiziwa hela tarehe ngapi, na mhasibu aliyekuwepo ameenda wapi. Ukirudi tuandikie hapa walichokwambia.