Alitaka kumvunja miguu tu: maswali yenu kuhusu mauaji katika sheria ya Uingereza

Mtu akikusudia kumvunja mwenzake miguu, mwenzake akafa, hapo England ni mauaji ya kukusudia?

Ndiyo. Si lazima awe alitaka kuua. Kukusudia kumdhuru mtu vibaya sana kunatosha. Katika kesi ya Vickers ya 1957, mwizi alivunja duka, akakutwa na bibi kizee mwenye duka, akampiga ngumi na mateke hadi akafa. Rufaa yake ikagonga mwamba. Kwangu mimi kanuni hii ni kali mno. Aliyelenga miguu na aliyelenga moyo wote hupewa kifungo cha maisha, na jaji hana hiari. Anachopanga ni miaka ya chini ambayo lazima mfungwa aitumikie kabla ya kufikiriwa kuachiliwa.

Na aliyeshikwa na hasira tu, hakutaka kumdhuru mtu?

Soma kesi ya Woollin. Baba alipandwa na hasira, akamrusha mwanawe wa miezi mitatu, kichwa kikagonga sehemu ngumu, mtoto akafa. Alikiri kumrusha, akakana kutaka kumuumiza. Mwaka 1998 mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, House of Lords, ilisema juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) inaweza kuona kuna kusudio pale tu ambapo kifo au jeraha baya lilikuwa karibu hakika, na mshtakiwa mwenyewe alilijua hilo. Kujua kwamba kuna hatari, hata kubwa, hakutoshi. Kosa likashushwa kuwa kuua bila kukusudia.

Nimemtilia mtu sumu, lakini kafa kwa ugonjwa wake. Nina kesi?

Natumaini unauliza kwa ajili ya mtihani! White alitia sayanaidi katika kinywaji cha mama yake. Mama akakutwa amekufa, glasi ikiwa bado na kinywaji kingi. Madaktari walisema huenda ni moyo, na sumu ile isingetosha kumuua. Mwaka 1910 akabaki na hatia ya jaribio la kuua, kwa kuwa kitendo chake hakikusababisha kifo.

Majeruhi akifa baada ya miaka minne?

Zamani mshtakiwa alipona: kifo kilipaswa kutokea ndani ya mwaka na siku moja. Kanuni hiyo ilifutwa 1996. Siku hizi, ikipita miaka mitatu tangu jeraha, waendesha mashtaka huomba kwanza idhini ya Mwanasheria Mkuu.