Muulize Fundi: iPad ya mpwa, na mashua ya Shela

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Mimi ni nahodha hapa Shela, Lamu. Nina mashua ya injini, napeleka wageni Manda Toto kuogelea na mara nyingine tunafika Kiwayu. Mpwa wangu yuko Marekani, anakuja mwezi ujao na anataka kuniletea iPad mpya, ile ya bei ya chini ya waifai. Nataka kuwaonyesha wageni picha, niwe na ramani ya bahari nikiwa safarini, na jioni binti yangu asomee. Itanifaa?

JIBU: Waalaykum salaam, nahodha. Mpigie mpwa wako kabla hajalipa.

iPad ya waifai pekee haina GPS, yaani kile kipokezi cha setilaiti kinachojua ulipo. Wengi hawalijui hilo, maana ukiiwasha hapo Shela ramani inakuonyesha ulipo sawasawa. Kumbe inasikiliza waifai za hoteli na nyumba za jirani, halafu inakisia. Ukishaingia mlango wa bahari wa Mkanda hakuna waifai ya kusikiliza, na kile kidoti cha buluu hakitakufuata. Yenye GPS ni ile inayoshika mtandao wa simu. iPad hiyo ya bei ya chini ilipotoka Machi 2025, kule Marekani ya waifai ilikuwa dola 349 na hiyo nyingine dola 499. Tofauti si ndogo, najua, lakini bila hiyo ramani yako ni picha tu. Ujue pia kwamba hiyo ya mtandao wa simu haina tundu la laini. Inatumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi, ambayo Safaricom wanayo. Hata usipoweka bando, GPS itafanya kazi, mradi ramani umeipakua mapema.

Kwa binti sina neno. Ina kasi, ina nafasi ya GB 128, na itamfikisha mbali na masomo yake. Mimi kama fundi naipendea jambo jingine: kioo cha juu hakikugandishwa na skrini ya ndani, kwa hiyo kikipasuka kinabadilishwa peke yake. Lakini huo uwazi kati ya kioo na skrini, pamoja na kukosa kinga ya mng'aro, ndio utakaokuudhi saa saba mchana. Wageni wataona nyuso zao, samaki hawatawaona.

Sasa maji. Apple hawaihesabu kuwa ni ya kuvumilia maji hata kidogo. Hapa mezani kwangu Malindi naletewa tableti za watu wa mashua kila msimu. Namulika tochi ndani ya tundu la chaji na kukuta vile vijino vya shaba vimeota ukijani, na pembeni chumvi imeganda kama unga. Mwenyewe ananiapia haikutumbukia. Namwamini. Rasharasha na mkono mbichi unaochomeka waya vinatosha kabisa. Tena kuna joto: kampuni yenyewe inasema itumike mahali pasipozidi nyuzi 35, na wewe wajua jua la kaskazi juu ya benchi la mashua. Itakutolea onyo na kugoma mpaka ipoe.

Kama bajeti ni ile ile na mashua ndiyo yenye haja, mwambie aangalie Samsung Galaxy Tab A9+. Hata ya waifai ina GPS, inapokea memori kadi, na ina tundu la visikizi ambalo iPad haina. Ni nzito kidogo kufikiri, haina kalamu, na maji nayo haiyawezi. Binti atanung'unika.

Ningekuwa wewe ningemwacha alete iPad ya waifai ikae nyumbani kwa binti, na ya mashua nitafute hiyo Samsung hata iliyotumika. Kimoja cha kazi zote mbili kitakufa baharini wiki ya mtihani. Utakayopanda nayo, itie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uchaji nyumbani tu mikono ikiwa mikavu, na tundu la chaji ulizibe kwa kizibo cha mpira, usikitoe mpaka ufike nyumbani.