Makubaliano ya kukiri kosa: wakili anasubiri nini kabla ndugu yako hajasaini

Mkuu, nimesoma swali lako. Mdogo wako yuko mahabusu gereza la Butimba, Mwanza, kwa mashtaka mawili, kukutwa na kokoro (wavu wa kukokota uliopigwa marufuku) na kuvua bila leseni. Mtumbwi na injini vimeshikiliwa. Mwendesha mashtaka yuko tayari kufuta shitaka moja kama dogo atakiri lingine, lakini wakili anasema mtulie kwanza, na familia imeanza kuhisi anavuta muda ili ale hela. Kwa ulivyoeleza, wakili yuko sahihi. Kosa lake ni kutowaambia anasubiri nini.

Anasubiri karatasi. Hati ya mashtaka, maelezo ya onyo (yale dogo aliyotoa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika mahakamani), na hati ya ukamataji mali ikionyesha nani alisaini kama shahidi. Kokoro likiokotwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, halina mtu, dogo akiwa amekaa tu jirani, kesi ni nyepesi na kukiri ni kujimaliza. Akiwa alikutwa analivuta na maelezo yake ya onyo yanakubali hivyo, hapo kuna cha kujadili. Huwezi kujua uko upande gani kabla hujasoma.

Na haraka ya nini? Utaratibu huu wa kukiri kwa makubaliano uliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania mwaka 2019, kama vifungu vya 194A hadi 194H, na unaruhusu majadiliano wakati wowote kabla ya hukumu. Upande wowote unaweza kuanzisha. Mahakama inajulishwa tu kwamba pande mbili zina nia ya kujadiliana, yenyewe haishiriki. Kwa hiyo akitokea mtu pale nje ya mahakama anakwambia "nimeshaongea na hakimu, lete kitu kidogo", huyo ni tapeli. Hela yoyote ya kweli, iwe faini au fidia, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali au kwa amri iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, na risiti mnabaki nayo.

Sasa mtumbwi. Hapa ndipo familia nyingi za huku ziwani huumia, kwa sababu akili yote iko kwenye kifungo. Makubaliano yanaweza kubeba fidia, kurejesha mali, na pia kutaifishwa kwa vifaa vilivyotumika kutenda kosa. Injini ya tajiri, yaani mwenye vyombo, ikiandikwa humo, dogo atatoka halafu tajiri atamdai maisha yake yote. Wakili aulize mapema: mtumbwi ni wa nani, nyaraka za umiliki ziko wapi, tajiri alijua kokoro limo? Kisha kila kifaa kitajwe kimoja kimoja, namba ya usajili ya mtumbwi na namba ya injini ilivyogongwa kwenye chuma. "Zana za uvuvi" peke yake ni maneno mapana mno, yanameza hadi injini.

Jambo la pili linaloharibu ni maelezo ya kosa. Makubaliano lazima yawe ya maandishi, yaeleze mambo ya msingi ya kesi na kile mshtakiwa anachokubali, asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha yasainiwe. Kama Kisukuma ndicho anachokielewa vizuri, msione aibu kuomba mkalimani. Mahakamani ataapishwa na kuulizwa kama amekubali kwa hiari yake. Akijibu "nakiri, ila kokoro halikuwa langu, nilitumwa tu", hakimu makini hataendelea, maana huko si kukiri. Wakili anayejua kazi yake humsomea mteja mstari kwa mstari kule kule gerezani, na sentensi ambayo si kweli inafutwa kabla ya kusaini.

Dogo aelewe pia anachoacha: kesi kusikilizwa yote, kuhoji mashahidi, na rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mwendesha mashtaka anaweza kupunguza mashtaka, lakini adhabu hutolewa na hakimu, kwa hiyo msiahidiwe "miezi sita tu" kwa mdomo. Muda aliokaa mahabusu wakili auombee uzingatiwe, na autaje kwa tarehe.

Kwa wengine wanaosoma: makosa ya ugaidi, uhaini, na ya ngono yanayomhusu mtoto chini ya miaka 18 hayamo kabisa kwenye utaratibu huu. Asiye na wakili anaweza kusimamiwa na ndugu au rafiki, ila mimi nisingependa mtu asaini bila mwanasheria kupitia hiyo karatasi, hata kwa saa moja.

Na mahakama ikiyakataa makubaliano, yaliyosemwa kwenye majadiliano hayatumiki dhidi ya dogo kesi ikiendelea, na milango ya kujadiliana upya haifungwi. Muulize wakili kesho: maelezo ya onyo ameshayapata?