Kushusha gia bila kumtikisa abiria

Dereva mpya hufundishwa vizuri kupandisha gia, kisha anaachiwa ajifunze mwenyewe kuishusha. Ndiyo maana unakuta mtu ana leseni mpya mfukoni, anatoka namba moja hadi tano laini kabisa, lakini akikaribia kona na kutaka namba tatu gari linashtuka na abiria wote wanaitikia kwa kichwa kama wamekubaliana jambo. Nimekaa kiti cha pembeni na vijana wengi wanaoanza kazi kwenye pikapu na Hiace. Siku hizi siwaulizi wamesoma wapi. Nasubiri tu washushe gia mara ya kwanza.

Mshtuko ule ni hesabu ndogo isiyolingana. Kwa mwendo uleule, gia ya chini inataka injini izunguke haraka zaidi. Chukua giaboksi ambayo namba nne ina uwiano wa 0.97 na namba tatu 1.31, yaani mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja unaotoka giaboksi. Kama mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ulikuwa 2,000 ukiwa namba nne, basi ukiingia namba tatu bila kubadili mwendo injini inatakiwa iwe kwenye 2,700 hivi. Lakini wewe umekanyaga klachi na kuondoa mguu kwenye mafuta, kwa hiyo injini imeanza kushuka, tuseme imefika 1,200. Ukiachia klachi hapo, pengo la mizunguko 1,500 lazima lizibwe na kitu. Linazibwa na klachi pleti kwa kusuguana, na matairi kwa kuiburuza injini ipande. Abiria anasikia mshtuko, na klachi pleti inapungua kidogo. Ukirudia hivyo kutwa nzima mjini, mwenye gari ataanza kukuuliza maswali.

Dawa yake ni kuliziba pengo hilo mwenyewe, kwa mguu wa kulia, klachi ikiwa bado iko chini. Kanyaga klachi, toa namba nne, na mkono ukiwa njiani kuelekea namba tatu gusa mafuta: resi moja, fupi. Gia ikishaingia, achia klachi huku mshale ukiwa bado juu. Ukiipata sawasawa hutahisi chochote mwilini. Utasikia tu sauti ya injini imepanda daraja, na gari linaendelea na safari yake.

Kinachowashinda wengi ni muda, hata kama resi yenyewe wanaipiga vizuri. Kijana anapiga resi safi, halafu anaanza kuitafuta gia, anaipata, anafikiri kidogo, ndipo anaachia klachi. Kufikia hapo mizunguko imeshashuka yote na kazi yake imekuwa kelele tu. Resi na kuachia klachi ni kitendo kimoja. Wa pili ni yule anayekanyaga mafuta kama anaondoka kituoni, gari likasukumwa mbele. Kati ya hao wawili, kwa maoni yangu huyu wa pili ana nafuu: resi ikizidi kidogo gari linasogea tu, ikipungua ndipo matairi yanapovutwa kwa nguvu.

Usikariri namba za gari la mwenzako. Tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, shika 50 km/h kwenye namba nne usome mshale, kisha mwendo huohuo kwenye namba tatu, halafu namba mbili. Utaona pengo la kutoka tatu kwenda mbili ni kubwa kuliko la nne kwenda tatu, na la tano kwenda nne kwa kawaida ndilo dogo. Kwa hiyo anza mazoezi na tano kwenda nne. Pikapu za zamani nyingi hazina mshale wa mizunguko. Hapo zima redio, shusha kioo, usikilize. Sikio linajifunza haraka kuliko unavyodhani, na baada ya muda hata kwenye gari lenye mshale hutauangalia.

Injini nazo hazina tabia moja. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ ina flaiwili nzito, yaani lile gurudumu la chuma linalozunguka pamoja na injini: inapanda polepole na kushuka polepole. Ukiigusa mafuta kama unavyoigusa Corolla ya petroli, haitaitika. Inataka mguu ukae sekunde kidogo, lakini ikishapanda inakupa nafasi ya kuachia klachi bila papara. Petroli ndogo ni kinyume chake. Na gari ambalo pedeli yake ya mafuta inatuma taarifa kwa umeme badala ya kuvuta waya huchelewa kidogo kujibu, kwa hiyo resi iwahi.

Kuna jambo linalowapoteza hata wazoefu. Mtu atakwambia, "Gia imeingia laini, sasa resi ya nini?" Gia imeingia laini kwa sababu ndani ya giaboksi kuna ringi za shaba zinazolinganisha gia na shafti kabla hazijashikana. Cadillac ndio walioanza kuziweka kwenye magari mwaka 1928. Ringi hizo hazina habari na injini, ambayo iko upande wa pili wa klachi. Malori ya Kimarekani kama Freightliner mengi hayana ringi hizo, ndiyo maana madereva wake hukanyaga klachi mara mbili: wanatoa gia, wanaachia klachi wakiwa fri (bila gia yoyote), wanapiga resi, wanakanyaga tena na kuingiza. Kwenye gari dogo huhitaji hayo, isipokuwa namba mbili imeanza kulia kila ukiiingiza. Hapo njia ya malori itakusogeza hadi kwa fundi.

Sasa mteremko, ambako haya yote yanaacha kuwa suala la ulaini. Ukitoka Iringa kushuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, gia ichaguliwe juu, kabla pua ya gari haijainama. Gia ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia. Ukiwa na mzigo, punguza nyingine moja. Injini ishike gari, breki ziwe za kurekebisha tu. Anayeshuka na namba tano huku mguu uko kwenye breki muda wote atasikia harufu kwanza, kisha pedeli itaanza kulainika kwa sababu mafuta ya breki yamechemka. Akikumbuka gia wakati huo, amejiweka pabaya: kila sekunde klachi ikiwa chini hakuna kinacholishika gari isipokuwa breki zilezile zilizochoka. Ikikukuta hivyo, funga breki kwanza mpaka mwendo ufae gia unayoitaka, kisha shusha gia moja, resi, achia, halafu nyingine.

Na usiteremke fri. Kenya, kipande cha Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kilijulikana nchi nzima kwa malori yaliyoshuka hivyo. Wanaosema wanabana mafuta wanakosea hata hesabu yenyewe: injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedeli, hukata mafuta kabisa. Ukiwa fri, injini lazima ichome mafuta ili isizimike.

Barabara ikiwa na utelezi, mfano kupanda Lushoto kutoka Mombo wakati wa mvua, kosa dogo la gia linaonekana kubwa. Hilux tupu ni nyepesi nyuma, na matairi ya nyuma ndiyo yanayovuta. Ukiachia klachi ghafla injini ikiwa chini, matairi hayo yanakwama kidogo katikati ya kona na mkia unahama. Kwa hiyo maliza kushusha gia gari likiwa limenyooka, kona uingie ukiwa na gia tayari.

Mkono wa gia usiukamate kwa hasira. Anayetoka tano kwenda nne kwa kuvuta kwa nguvu kuelekea upande wa abiria anaweza kuingia mbili akiwa 100 km/h. Kifaa kinachozuia injini isipitilize mizunguko hufanya kazi kwa kupunguza mafuta, nacho hakiwezi kuzuia magurudumu yanayoizungusha injini kwa lazima. Vali zinaweza kugonga pistoni. Tumia kiganja, sukuma taratibu, acha mkono wa gia utafute njia yake.

Utasikia pia watu wakisifia kukanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja, vidole huku na kisigino kule. Ni mbinu ya kweli, madereva wa rali wanaitumia, lakini kwenye pikapu nyingi pedeli ya breki iko juu sana kuliko ya mafuta na mguu utateleza. Wewe funga breki mpaka mwendo ufike unapoutaka, uhamishe mguu kwenye mafuta, upige resi, uachie klachi, kisha urudi kwenye breki kama bado unaihitaji.